UZI: Facebook haikumng'oa Ben Ali wa Tunisia wala Mubarak wa Misri. Tujadili kilichotokea kweli Uarabuni, na kwa nini leo mtu anafungwa kwa posti moja

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Kila ikipandishwa mada ya maandamano humu, ukurasa wa pili haufiki kabla hajatokea mtu na jibu lake lile lile: "Mbona Waarabu walimtoa Mubarak kwa Facebook?" Nimekuwa nikijibu vipande vipande kwenye nyuzi za watu, leo nimeona nilete wangu. Ni mrefu, mwenye haraka apite.

Ninachosema ni hiki. Mitandao ilifikisha habari, tena vizuri sana. Lakini waliowatoa watawala ni watu waliokuwa wanaaminiana tangu kabla ya kufungua akaunti. Watawala walilielewa hilo mapema kuliko wanaharakati wenyewe, ndiyo maana siku hizi hawana haraka ya kuzima mtandao wa nchi nzima. Wanakufuata wewe, mmoja mmoja.

Tuanze Tunisia. Mohamed Bouazizi wa Sidi Bouzid, muuza matunda wa mkokoteni, alijichoma moto 17 Desemba 2010 mbele ya ofisi za mkoa baada ya kunyang'anywa bidhaa na mizani. Akafariki 4 Januari 2011. Siku kumi baadaye Rais Ben Ali, aliyekaa madarakani miaka 23, alipanda ndege kwenda Saudia. Hiyo wote mnaijua.

Wengi hawaijui Redeyef. Huu ni mji wa machimbo ya fosfeti, mkoa wa Gafsa. Januari 2008 yalitoka majina ya walioajiriwa na kampuni ya fosfeti, watu wakaona wazi kuna upendeleo, wakaingia barabarani. Hawakutoka siku moja wakarudi nyumbani. Walikaa karibu miezi sita. Polisi waliuzingira mji, watu wakapigwa risasi, viongozi wa wafanyakazi wakafungwa. Utawala ulikuwa ule ule na njaa ya kazi ile ile. Tunisia nyingine iliendelea na shughuli zake, kwa sababu televisheni ya taifa ilinyamaza na waliokuwa Facebook walikuwa maelfu tu. Kufikia mwisho wa 2010 walikuwa wanakaribia milioni 2, katika nchi ya watu milioni kumi na kitu.

Sasa angalieni video ilivyosafiri. Binamu yake Bouazizi alirekodi kwa simu maandamano ya siku ile ile, akaiweka Facebook. Al Jazeera ilikuwa haina ruhusa ya kufanya kazi ndani ya Tunisia, kwa hiyo ikaichukua huko huko Facebook na kuirusha jioni. Bibi wa kijijini ambaye hajawahi kugusa kompyuta akaiona kwenye dishi lake. Katikati kulikuwa na vijana wa Nawaat, blogu iliyoanzishwa 2004, waliokaa usiku na mchana wakikagua kila video: hii ni ya mji gani, ya tarehe gani, wanaimba nini, kisha wanaitafsiri na kuwapelekea waandishi wa nje. Hiyo kazi ya kuandika mahali na tarehe haina sifa yoyote, lakini bila hiyo video ni kelele tu.

Na vijana hao hawakuota ghafla. Kabla yao alikuwepo Zouhair Yahyaoui, mwenye tovuti ya TUNeZINE, aliyekamatwa 2002 akiwa kwenye mgahawa wa intaneti, akateswa na kufungwa. Alifariki 2005 kwa ugonjwa wa moyo, hajafika hata miaka 40. Watunisia walikuwa wamempa jina mdhibiti wao asiyeonekana: Ammar 404, kwa sababu ukifungua ukurasa uliozuiwa unaambiwa kosa 404, haupo. Walimchora vibonzo, wakamtungia visa kama jamaa wa mtaani. Wakati maandamano yanapamba moto, huyo Ammar alifanya jambo la hatari zaidi: ukurasa wa kuingilia Facebook ulipachikwa msimbo wa kuiba majina na maneno ya siri ya wananchi. Facebook ikalazimika kuwahamishia Watunisia wote kwenye njia iliyofungwa kwa usimbaji.

Naenda kula, Misri inafuata.

#2 Mchangiaji

Nimeweka kambi hapa. Shusha nondo mkuu.

#3 Mchangiaji

Mleta uzi, unaandika vizuri lakini unajichanganya. Umesema mwenyewe Redeyef ilizimwa kwa sababu hapakuwa na Facebook. Sasa Facebook haikufanya kazi vipi tena? Na Misri usituruke. Ule ukurasa wa Khaled Said ndio uliopanga tarehe 25 Januari. Bila ukurasa hakuna Tahrir, ule uwanja wa Kairo waliojaa waandamanaji.

#4 Mleta uzi

Mkuu #3, nilijua utakuja.

Khaled Said, kijana wa Alexandria, polisi walimtoa kwenye mgahawa wa intaneti 6 Juni 2010 wakampiga hadi kufa. Picha ya uso wake uliopondwa ikasambaa, Wael Ghonim, mfanyakazi wa Google aliyekuwa Dubai, akafungua ukurasa wa "Sote ni Khaled Said" bila kujitambulisha. Kweli, mwito wa 25 Januari 2011 ulitangazwa pale, na tarehe yenyewe ilikuwa ya kejeli, ni Siku ya Polisi.

Lakini hesabu zifanyike kwa tarehe. Ghonim alikamatwa usiku wa 27 Januari, akafungwa kitambaa machoni, hakutoka hadi 7 Februari. Usiku huo huo wa kuamkia 28 serikali ilizima intaneti ya Misri karibu yote, na simu za mkononi zikakatwa. Mtandao ulirudi 2 Februari. Kwa hiyo siku ile kubwa kuliko zote, Ijumaa ya Hasira tarehe 28, ambapo polisi walishindwa na kukimbia mitaa ya Kairo, mwenye ukurasa alikuwa kizuizini na ukurasa wenyewe haufunguki. Watu wakajaa maradufu! Mimi naamini kuzima kulisaidia kuwatoa: mzazi aliyekuwa anafuatilia mambo sebuleni, simu haishiki, mtoto hajarudi, atafanya nini? Anatoka.

Kuna jambo jingine la tarehe 25 ambalo nalipenda zaidi. Waandaaji walitangaza mitandaoni sehemu 20 za kukusanyikia. Wizara ya Mambo ya Ndani nayo inasoma Facebook, ikapeleka askari sehemu zote 20. Ile ya 21 haikuandikwa popote. Ilikuwa karibu na duka la keki na halua Bulaq al-Dakrour, mtaa wa watu wa kipato cha chini wenye vichochoro vyembamba. Waandaaji walikuwa wameshazipita njia hizo kwa miguu kabla, wakipima inachukua muda gani kufika barabara kubwa. Siku yenyewe walianza mamia, wakapita vichochoroni wakiita watu, wakatokea barabarani wakiwa maelfu, na kundi hilo ndilo lililofanikiwa kufika Tahrir mapema wakati mengine yamebanwa.

Kulikuwa pia na kijitabu cha maelekezo ya namna ya kuandamana, kilichopita mkono kwa mkono Kairo siku zile. Kilionya wazi: usikiweke Facebook wala Twitter, wanasoma. Toa fotokopi, au tuma kwa barua pepe.

Kwa hiyo sijichanganyi. Facebook ilitangaza sehemu 20. Ile ya 21 ndiyo iliyofanya kazi.

#5 Mchangiaji (Muscat)

Assalaam alaykum wenye uzi. Mimi nipo Muscat, wazee wetu walirudi huku kutoka Unguja miaka ya sabini, kwa hiyo Kiswahili chenu tunakifuata vizuri tu.

Mnapozungumza Uarabuni msitusahau sisi wa pembeni. Februari 2011 mji wa Sohar hapa Oman palichafuka. Vijana walikaa kwenye mzunguko wa barabara wenye sanamu ya tufe la dunia, watu wakauawa, na habari zake ulikuwa unazipata kwenye Sablat Oman kabla hujazisikia redioni. Jukwaa kama hili lenu, watu wanaandika kwa majina ya bandia, wanabishana hadi alfajiri. Wala hawakuwa wanadai Sultan aondoke, walikuwa wanadai kazi na mawaziri wala rushwa watoke. Sultan Qaboos akabadilisha mawaziri, zikatangazwa ajira 50,000 na rial 150 kwa mwezi kwa asiye na kazi. Jeshi likasafisha mzunguko mwisho wa Machi.

Mwaka uliofuata, 2012, ndipo walipoanza kukusanywa walioandika. Waandishi, mawakili, washairi, kosa ni kumtusi Sultan au kukusanyika kinyume cha sheria. Walifungwa, kisha Machi 2013 wakasamehewa. Lakini fundisho lilishaingia, na majukwaa hayakurudi kuwa na moto ule.

Nalisema hili kwa sababu mleta uzi kazungumzia kuzima. Huku hawakuhitaji kuzima kitu.

#6 Mleta uzi

Shukrani sana ndugu yangu wa Muscat, umenisogezea mada pale pale nilipotaka.

Ghuba ndiko mbinu mpya ilikoiva. Mchukueni Ahmed Mansoor wa Falme za Kiarabu, mtetezi wa haki za binadamu. Agosti 2016 alipata ujumbe mfupi kwenye iPhone yake: bonyeza hapa uone siri mpya za mateso kwenye magereza ya nchi. Kwa mtu wa kazi yake huo ni mtego mtamu. Hakubonyeza. Alishadukuliwa mara kadhaa huko nyuma, akautuma ujumbe kwa watafiti wa Citizen Lab, Chuo Kikuu cha Toronto. Wale wakaifungua linki kwenye simu ya majaribio na kukuta inatumia mianya mitatu ambayo Apple yenyewe haikuwa inaijua. Kubonyeza mara moja tu na simu yote ni ya kwao: kamera, maikrofoni, WhatsApp. Programu hiyo ya ujasusi ni Pegasus ya kampuni ya NSO ya Israel. Apple ikatoa marekebisho ndani ya wiki mbili, dunia nzima ikasasisha simu zake kwa sababu ya mtu mmoja aliyesita kubonyeza. Yeye walimfuata nyumbani Machi 2017, na 2018 akahukumiwa miaka 10.

Saudia nako hawakufunga Twitter (siku hizi X), na Wasaudi ni watumiaji wakubwa mno wa Twitter. Waliweka watu ndani ya kampuni. Mahakama ya Marekani ilimtia hatiani 2022 Ahmad Abouammo, aliyewahi kufanya kazi Twitter, kwa kuifanyia Saudia kazi kwa siri. Miongoni mwa alivyopewa ni saa ya bei mbaya. Mwenzake, ambaye waendesha mashtaka walisema alichungulia akaunti zaidi ya 6,000, aliwahi kurudi Saudia kabla hajashikwa. Nje ya kampuni kuna majeshi ya akaunti bandia, Wasaudi wenyewe wanayaita nzi wa kielektroniki: ukiandika neno, wanakuvamia mamia kwa mamia hadi unyamaze. Omar Abdulaziz, kijana wa Kisaudi aliyeko Kanada, alitaka kuunda kundi la kupambana nao akaliita nyuki. Jamal Khashoggi alikuwa anamuunga mkono. Simu ya Omar ilikuwa imeshaingiliwa na Pegasus, na Oktoba 2018 Khashoggi akauawa ndani ya ubalozi mdogo Istanbul.

Kuhusu posti moja niliyoitaja kwenye kichwa cha uzi: Salma al-Shehab, mama wa watoto wawili, mwanafunzi wa uzamivu Leeds, Uingereza. Alikwenda nyumbani likizo, akakamatwa Januari 2021. Akaunti yake haikufika hata wafuasi elfu tatu. Kosa ni kusambaza maneno ya wanaharakati waliofungwa. Rufaa ya Agosti 2022 ilimpa miaka 34. Ikapunguzwa baadaye, akatoka Februari 2025. Jiulizeni kwa nini mtu wa wafuasi elfu mbili na kitu apewe miaka mingi kuliko muuaji. Ukimfunga maarufu, dunia inapiga kelele na wadogo wanajiona hawahusiki. Ukimfunga mdogo, kila mdogo anafuta akaunti yake usiku ule ule.

#7 Mchangiaji (Mombasa)

Na si Waarabu peke yao wadau. Malcolm Bidali, Mkenya mwenzetu, alikuwa mlinzi (soja) Qatar. Alikuwa anaandika kwa jina la Noah kuhusu maisha ya wafanyakazi wageni: vyumba vinavyobananisha watu, pasipoti, saa za kazi. Mei 2021 akachukuliwa usiku kutoka kwenye makazi ya wafanyakazi, akawekwa peke yake karibu mwezi mzima. Kabla ya hapo alikuwa ametumiwa linki Twitter iliyoonekana kama ya video, na wataalamu waliichunguza wakasema ingeweza kufichua anwani ya mtandao anayoitumia. Mwishowe akatozwa faini ya riyal 25,000 kwa kueneza habari za uongo. Mshahara wa soja unaujua wewe? Aliondoka Qatar Agosti mwaka huo.

Kwa hivyo walio na ndugu huko wakiwaambia "tusiongee mambo haya kwa simu", si uoga.

#8 Mchangiaji

Naomba kuuliza kama dada pekee humu hadi sasa. Wanawake mbona wanatajwa wakiwa wamefungwa tu? Sudan 2019 kila mtu alikumbuka picha ya yule binti wa nguo nyeupe juu ya gari, basi, ikaishia hapo.

#9 Mleta uzi

Dada, umenishika pazuri, maana Sudan ndiyo hoja yangu yenyewe.

Picha ile ni ya Alaa Salah, Aprili 2019. Mimi nina kisa kingine. Kulikuwa na kundi la Facebook la wanawake watupu, Minbar Shat, ambalo kazi yake ya awali ilikuwa kuulizana kuhusu wanaume: huyu anayenichumbia ana mke wa siri? Anamjua mtu? Maandamano yalipoanza Desemba 2018, baada ya mkate kupanda bei mara tatu mjini Atbara, likageuzwa. Ukiweka picha ya ofisa usalama aliyevaa kiraia akipiga watu, ndani ya muda mfupi wanawake wanaleta jina lake, mtaa wake, alisoma wapi, mama yake nani. Maofisa wakaanza kuficha nyuso zao. Serikali ilishazuia mitandao ya kijamii tangu Desemba, akina dada wakaingia kwa VPN, programu ya kukwepa vizuizi. Ujuzi wa umbea, mnaoudharau humu kila siku, ukawa kitengo cha upelelezi cha wananchi.

Rais Bashir aliondolewa 11 Aprili 2019. Tarehe 3 Juni wanajeshi wakavamia waliokuwa wamekaa mbele ya makao makuu ya jeshi Khartoum, wakaua zaidi ya watu 100, na intaneti ikazimwa karibu nchi nzima. Ikakaa hivyo wiki tano. Nje ya Sudan watu waligeuza picha za akaunti zao kuwa bluu, jambo zuri, na matapeli nao wakafungua akaunti za Instagram zinazodai kila ukifuata, Msudani anapewa sahani ya chakula. Hapakuwa na sahani yoyote.

Ndani ya Sudan, bila bando, kamati za upinzani za mitaa zilizunguka nyumba kwa nyumba, karatasi zikachapwa, ujumbe mfupi wa kawaida ukatumwa, maneno ya kuhimiza yakaandikwa kutani. 30 Juni umati mkubwa ajabu ukajaa Khartoum, Omdurman na miji mingine. Siku tano baadaye majenerali wakakubali kugawana madaraka. Yaliyofuata baada ya hapo, mapinduzi ya 2021 na vita hii tangu Aprili 2023, yanataka uzi wake. Ila kamati zile zile ndizo zilizozaa vyumba vya dharura vinavyopika vyakula vya jumuiya leo katikati ya mabomu.

Na wakili Abdelazim Hassan msimkose. Huyu hakwenda mahakamani kudai uhuru wa kujieleza. Alikwenda kama mteja: nimelipia huduma kampuni ya simu ya Zain, sipati huduma, nirudishiwe. Akashinda mwezi huo huo wa Juni. Zain ikamfungulia intaneti yeye peke yake, laini moja, kwa sababu ameshtaki kwa jina lake! Nchi ya watu milioni arobaini na kitu, yeye anaperuzi. Akarudi mahakamani kuwatetea wengine, na 9 Julai ikatoka amri ya kuwarudishia wote.

#10 Mchangiaji (Zanzibar)

Yakhe, na hili la nukta je? Mei 2021, mtaa wa Sheikh Jarrah kule Jerusalem Mashariki, watu wanafukuzwa majumbani, Instagram inafuta posti za Wapalestina hovyo. Wakaanza kuandika Kiarabu bila nukta. Aliyesoma chuo cha Kurani anajua: ba, ta na tha zote umbo moja, nukta ndiyo inayozitenga. Misahafu ya mwanzo kabisa iliandikwa hivyo hivyo. Mtu mzima anasoma kwa mazoea tu, mashine ikabaki imeduwaa. Mitambo imeshajifunza pengine, lakini siku zile tulicheka.

#11 Mleta uzi

Sheikh wangu, umemaliza. Nyongeza ndogo: ripoti iliyoagizwa na Meta yenyewe, kampuni mama ya Facebook na Instagram, ya 2022, ilikiri kwamba Kiarabu kilifutwa kupita kiasi. Hata hashtagi ya al-Aqsa ilifungwa kwa sababu mtu aliweka jina la msikiti kwenye orodha kimakosa. Syria ni hivyo hivyo: Agosti 2017 mashine ya YouTube ilifuta maelfu ya video za vita kwa kuzidhania za magaidi, kumbe ni ushahidi. Waliookoa sehemu yake ni vijana wa Syrian Archive, waliokuwa wanapakua nakala na kuziandikia mahali na tarehe. Kazi ile ile ya Nawaat.

#12 Mchangiaji (yule wa #3)

Bado sijakubali asilimia mia. Sidi Bouzid bila simu ya yule binamu ingekuwa Redeyef ya pili tu. Hilo huwezi kulikwepa. Na tuambie basi, Tunisia yenyewe iliyoanza, leo ikoje? Naona umeikimbia.

#13 Mleta uzi

La binamu nakupa mkuu, sikukatalii. Lakini na yeye hakuwa mtu aliyeokota simu siku ile, alikuwa mpinzani wa siku nyingi mwenye watu wa kuwapigia.

Tunisia sijaikimbia. Julai 2021 Rais Kais Saied alilisimamisha bunge. Septemba 2022 akatoa Amri namba 54: ukieneza "habari za uongo" mtandaoni ni miaka 5, ukimgusa mtumishi wa umma ni 10. Ammar 404 alikuwa anafuta ukurasa, hii inamfuta mwenye ukurasa. Wakili Sonia Dahmani alikuwa kwenye kipindi cha televisheni Mei 2024, mwenzake akadai wahamiaji Weusi wa kutoka kusini mwa Sahara wanataka kuhamia Tunisia moja kwa moja. Yeye akakejeli: nchi gani hiyo ya ajabu mnayoisema? Basi. Akakimbilia jengo la chama cha mawakili Tunis, polisi waliofunika nyuso wakaingia humo humo 11 Mei kumchukua. Televisheni ya France 24 walikuwa wanarusha moja kwa moja, matangazo yakakatika hewani na mpigapicha wao akapigwa.

Mwenye swali la Algeria au Lebanon aweke, nitajibu kesho nikitoka kazini. Lebanon mnaikumbuka lakini? Serikali ya Waziri Mkuu Hariri iliondoka Oktoba 2019 baada ya mawaziri kutaka kutoza kodi simu za WhatsApp.